Umeme wa Kuhama: Betri na Sola katika Nchi ya Mto Tana

Kabla ya maji ya Mto Tana kufika Garsen, yamekwisha kufanya kazi mara tano. Hupita Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na penye kila ukuta wa zege huzungusha mitambo ya kuzalisha umeme. Kindaruma ndilo bwawa kongwe, lilianza kazi mwaka 1968. Kamburu likafuata mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme uliotoka humo ulipandishwa kwenye nguzo ukaelekea Nairobi, Mombasa na miji mingine mikubwa. Maji yenyewe yaliendelea kushuka: Garissa, Bura, Hola, Wenje, Garsen, mpaka yakaingia Ghuba ya Ungwana karibu na Kipini.

Watu wa Tana ya chini waliyaona maji. Umeme hawakuuona.

Kwa hiyo historia ya umeme katika nchi hii haikuanzia kwenye nguzo. Ilianzia chini ya boneti ya gari. Kwa miaka mingi, chanzo cha kwanza cha mwanga wa kubonyeza swichi, cha redio isiyohitaji mawe (betri kavu) na cha televisheni ya kijijini kilikuwa betri ya asidi iliyotolewa garini, na paneli ya sola ilikuja baadaye kuilisha betri hiyo hiyo. Anayetaka leo kufunga sola kwenye basi, kwenye lori la safari au kwenye gari kubwa lililogeuzwa nyumba anakutana na maswali ambayo kaya za Garsen, Ngao, Tarasaa na Hola zimeyahangaikia kwa zaidi ya kizazi kimoja: betri gani, ya ukubwa gani, na itadumu miaka mingapi katika joto hili?

Ili kuona kwa nini umeme wa kubebeka ulishika mizizi hapa, ni lazima kwanza kutazama namna watu wanavyoishi. Wapokomo hulima mpunga, ndizi, mahindi na maembe kwenye kingo ambazo mto huzifunika na kuziacha na rutuba. Vijiji vyao vimehamishwa mara nyingi, pengine kwa sababu ya mafuriko, pengine kwa sababu mto wenyewe umebadili njia. Waorma na Wawardei ni wafugaji. Msimu wa kiangazi huteremsha ng'ombe kuelekea delta, mvua ikinyesha hurudi nyikani. Nyumba ya jadi ya Muorma ni ya fito zilizopindwa na kuezekwa kwa nyasi na mikeka, na inaweza kuvunjwa na kusimamishwa upya palipo na malisho. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziligeuza delta yote kuwa ziwa, zikabomoa kingo za mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, na kukata barabara. Mafuriko makubwa yalirudi mwaka 2018, kisha tena mwishoni mwa 2023. Katika nchi ya namna hii, nguzo na waya ni mali inayobaki nyuma. Betri na paneli hupandishwa kwenye mtumbwi, kwenye punda au kwenye pikipiki, zikaenda na mwenyewe.

Kabla ya betri ya gari, mwanga ulikuwa wa mafuta ya taa. Nyumba ya kawaida ilikuwa na koroboi, mwenye uwezo alikuwa na taa ya chemni, na penye harusi au maulidi palipampwa karabai. Redio ilitumia mawe. Kiwanda cha mawe cha Eveready kilifunguliwa Nakuru mwaka 1967, na kwa karibu nusu karne, mpaka kilipofungwa mwaka 2014, bidhaa zake zilifika kila duka la kijijini, Tana ikiwemo. Mawe yalikuwa na dosari moja kubwa: yakiisha yameisha. Watu waliyaanika juani ili yapate nguvu kidogo, wakasikiliza taarifa ya habari ya jioni, kisha wakayatupa.

Betri ya asidi ilikuwa na sifa nyingine. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na umuhimu wake ulikuwa kwamba inaweza kujazwa tena. Ndani yake mna plati za risasi zilizozamishwa katika maji yenye asidi ya salfa. Seli moja hutoa takriban volti 2, na seli sita zikiunganishwa hutoa volti 12. Miaka zaidi ya 160 imepita na ubunifu huo wa Planté bado ndio uliomo katika magari mengi yanayopita Minjila, kule njia ya Malindi inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Hola na Garissa na mwingine ukiingia Garsen kuelekea Witu na Lamu.

Njia panda hii ndiyo iliyoifanya Garsen kuwa mji wa betri. Kabla ya daraja kujengwa, magari ya kwenda Lamu yalivuka mto hapo kwa pantoni iliyovutwa kwa kamba, na foleni ilikuwa ndefu. Mahali magari yanaposubiri, mafundi hupata kazi, na mahali penye mafundi wa magari pana betri. Betri iliyoshindwa kuwasha lori bado ina nguvu ya kuwasha taa ndogo au kuchezesha redio ya kaseti. Mwenye duka aliinunua kwa bei ya chini, akaifunga nyaya mbili, na jioni dukani kwake pakawa na mwanga. Ilipokwisha nguvu, ilirudishwa kwa mwenye gari au mwenye jenereta ichajiwe kwa malipo. Televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe zilizotumia volti 12 zilipoingia sokoni, mahitaji ya betri yalipanda zaidi.

Tatizo lilikuwa kwamba betri hizo zilikufa haraka, na wengi hawakujua sababu. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha altaneta ya gari huijaza mara moja. Plati zake ni nyembamba na nyingi, ili asidi iguse eneo kubwa. Ukiitumia kuwasha taa na televisheni saa tano mfululizo mpaka picha ianze kufifia, plati hizo hufunikwa na salfeti ya risasi. Betri ikiachwa siku tatu nne bila chaji, salfeti hiyo hugeuka chembe ngumu zisizoyeyuka tena. Miezi michache tu ya kutumiwa hivyo inatosha kuiua.

Fundi mzoefu hulijua hilo kwa kutazama. Hufungua vifuniko sita juu ya betri, akaingiza haidromita, yaani bomba la kioo lenye kipimo kinachoelea ndani yake, akanyonya maji ya seli moja moja. Kipimo kikisimama karibu na 1.26, seli imejaa. Kikizama chini ya 1.15, seli ina njaa. Seli tano zikiwa sawa na moja ikawa chini sana, hiyo ndiyo iliyokufa, na betri nzima imekwenda nayo. Kisha huchungulia ndani. Plati zikiwa zimetokeza juu ya maji, ni dalili kwamba joto limekausha maji na mwenyewe hakuongeza. Dawa yake ni maji safi ya betri, yasiyo na chumvi wala madini. Maji ya kisima cha Tana, yenye chumvi na tope, huimaliza kabisa. Asidi nayo haiongezwi ovyo, kwa kuwa asidi haikuvukiza. Kilichovukiza ni maji.

Paneli iliingia katika hadithi hii kutoka mbali. Mnamo Aprili 1954, maabara za Bell nchini Marekani zilionyesha seli ya silikoni iliyogeuza asilimia 6 hivi ya mwanga wa jua kuwa umeme. Watatu walioitengeneza, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walikuwa wakitafuta chanzo cha umeme cha mitambo ya simu katika nchi za joto na unyevu, ambako betri za kawaida ziliharibika upesi. Kwa maneno mengine, tatizo lililozaa paneli ya kisasa lilikuwa tatizo la Garsen.

Nchini Kenya, mwaka unaokumbukwa ni 1984. Shule ya Sekondari ya Karamugi huko Meru ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu wake kijana, Mark Hankins, aliyekuja na kikosi cha kujitolea cha Marekani cha Peace Corps, alimjua mhandisi mmoja aitwaye Harold Burris aliyekuwa akiuza na kufunga sola. Shule ikabadili mawazo, Burris akafunga paneli, na madarasa yakapata taa. Shule za jirani zikaja kuona. Hankins na Burris wakaanza kufundisha mafundi wa hapo hapo, na wanafunzi wao wakasambaa. Mwaka 1986 serikali iliondoa ushuru wa paneli zinazoingizwa nchini. Viwanda vya betri vya Kenya, ambavyo hadi hapo vilihudumia magari, vikaanza kutengeneza betri za sola zenye plati nene zaidi. Upande wa pili wa mpaka, huko Karagwe nchini Tanzania, kituo cha KARADEA kilianza mwaka 1993 kufundisha mafundi wa sola kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Soko lililofuata halikuendeshwa na misaada. Liliendeshwa na walimu, wakulima wa chai na kahawa, na wenye maduka waliotaka televisheni. Kufikia mwanzoni mwa karne hii, zaidi ya kaya laki moja za Kenya zilikuwa zimenunua sola kwa fedha zao, nyingi zikianza na paneli ndogo za wati 10 hadi 20 na betri ya gari waliyokuwa nayo. Paneli ilikuja kuondoa safari ya kupeleka betri kuchajiwa.

Soko hilo lilikuwa na upande wake mchungu. Paneli nyingi za bei nafuu zilikuwa za silikoni ya utando mwembamba, na baadhi yake zilikuwa hafifu mno. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao wa Kenya walizipima paneli majumbani mwa watu na kukuta chapa fulani ikitoa nguvu chini sana ya ile iliyoandikwa nyuma yake. Matokeo yalipotangazwa, wauzaji walilazimika kubadilika. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, uliofanya majaribio yake ya mwanzo Kenya na Ghana, ulikuja na vipimo vya ubora vya taa za sola. Mwaka 2012 serikali ya Kenya ilitoa kanuni zinazomtaka kila fundi wa sola awe na leseni. Yote hayo yalihitajika kwa sababu mnunuzi wa kijijini hana namna ya kuona wati kwa macho.

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu na udhaifu wa betri haupo majumbani. Upo katika zahanati. Chanjo nyingi za watoto lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, tangu kiwandani mpaka mkononi mwa muuguzi. Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1980, na zahanati zisizo na umeme zilitegemea friji za gesi au mafuta ya taa. Mtungi ukichelewa kwa sababu barabara imekatika, chanjo huharibika. Friji za sola zenye betri zilionekana kuwa ukombozi. Zikafungwa katika nchi nyingi za Afrika, zikafanya kazi vizuri, na baada ya miaka mitatu hadi mitano nyingi zikanyamaza. Paneli zilikuwa nzima, friji nzima, betri zimekufa, na hakuna aliyekuwa ametenga fedha za kununua nyingine.

Jibu lililopatikana ni la busara kubwa. Friji mpya za chanjo, zile zilizothibitishwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka kumi na tano hivi iliyopita, huendeshwa na paneli moja kwa moja bila benki ya betri. Mchana jua hugandisha barafu ndani ya kuta za friji, usiku barafu hiyo hulinda baridi. Friji nzuri ya aina hii huweza kustahimili siku tatu au zaidi za mawingu. Hapa wahandisi waliamua kuhifadhi baridi yenyewe, kwa kuwa barafu haifi baada ya miaka mitano.

Huko Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, umeme wa umma ulianza kwa jenereta za dizeli zisizounganishwa na gridi ya taifa. Mafuta yalisafirishwa kwa malori kutoka mbali, na gharama yake ilikuwa kubwa. Baadaye paneli za kilowati 60 ziliongezwa ili kupunguza dizeli inayochomwa mchana. Katikati ya miaka ya 2010, njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 ilitoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen, ikafika Lamu. Garsen ikapata kituo chake cha kupoza umeme. Na mnamo Desemba 2019, kilomita nyingi juu ya mto, Garissa ilizindua kituo cha sola cha megawati 50.

Hata hivyo, nguzo hufuata barabara na miji. Ukitoka barabarani, kilichobadilisha maisha ni simu. Baada ya M-Pesa kuanza mwezi Machi 2007, simu iliyozimika ilikuwa sawa na pochi iliyofungwa, na kuchaji simu kukawa biashara katika kila kituo. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012, iliunganisha mambo hayo mawili: mteja hupewa paneli ndogo, taa za LED na betri, akalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Asipolipa, mtambo hujifunga wenyewe mpaka alipe. Taa za LED ndizo zilizowezesha hesabu hiyo, maana wati 3 za LED hutoa mwanga ambao balbu ya zamani ilihitaji wati 25 kuutoa. Betri ndani ya vifurushi hivi haikuwa tena ya asidi yenye kilo ishirini. Ilikuwa ndogo, ya kushikwa kwa mkono mmoja, mara nyingi ya lithiamu. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa KOSAP, wa kupeleka sola katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma na gridi, Tana River ikiwa mojawapo.

Mfugaji wa Orma anayehama na ng'ombe wake akiwa na paneli ndogo mgongoni mwa punda, na msafiri wa mbali anayevuka Afrika ndani ya lori lililogeuzwa nyumba, wanaishi kwa hesabu moja. Tofauti yao ni ukubwa tu. Wote wawili hawana waya wa kuwafuata, na wote wawili hutegemea kile kilichokusanywa mchana.

Chukua gari kubwa la kuishi lenye friji ya volti 12, feni mbili, taa nne, pampu ya maji, simu na kompyuta. Katika joto la Garsen, friji ya wati 45 hufanya kazi karibu nusu ya siku, hivyo hula wati-saa 540. Feni mbili za wati 20 kwa saa nane hula 320. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Pampu ni 30, simu na kompyuta ni 150 hivi. Jumla ni wati-saa 1,140 kwa siku. Ongeza moja ya tano kwa upotevu katika nyaya, invata na betri, utafika takriban 1,400.

Jua la Tana ni la ukarimu. Siku ya kawaida hutoa nguvu inayolingana na saa tano za jua kali, na kwa kuwa Garsen iko nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, paneli iliyolazwa juu ya paa la gari hupoteza kidogo sana. Ulaya ya kaskazini, paneli iliyolazwa hivyo wakati wa baridi haina faida kubwa. Lakini ukarimu huo una kodi yake. Wati zilizoandikwa kwenye paneli hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa la chuma mchana wa Februari, seli hufika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Ongeza vumbi la barabara ya Hola. Paneli za wati 400, ambazo kwa karatasi zingetoa wati-saa 2,000, hutoa 1,400 hivi. Hiyo ndiyo sababu fundi anayejua kazi huacha nafasi ya sentimita kadhaa kati ya paneli na paa ili upepo upite, na humwambia mwenye gari aifute paneli kwa kitambaa chenye maji asubuhi, kabla haijapata moto.

Kisha betri. Akiba ya siku moja na nusu hadi mbili za mawingu, kama zile za masika, ni wati-saa 2,300. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mwenye gari anahitaji mara mbili yake: betri nne za ampea-saa 100, zenye uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa pamoja. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfati huruhusu kutumiwa asilimia 80 bila madhara, hivyo ampea-saa 225 hivi zinatosha, na uzito wake ni karibu robo. Ya asidi, ikitunzwa, huhimili mizunguko mia kadhaa ya kujaa na kuisha. Ya lithiamu huhimili elfu mbili na zaidi. Bei ya kununua ni kubwa kwa lithiamu, lakini bei hiyo ikigawanywa kwa miaka ya kutumika, hesabu hubadilika.

Joto ndilo hakimu wa mwisho. Betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Ile iliyoahidiwa miaka sita katika kitabu cha Ulaya, ikiwekwa katika sanduku la chuma lisilopitisha hewa huko Garsen, itakuwa na bahati ikifika mitatu. Lithiamu nayo huzeeka kwa joto, kwa hiyo haiwekwi karibu na injini. Lithiamu pia hunyonya umeme kwa nguvu kiasi kwamba altaneta ya gari huweza kuungua, ndiyo maana huwekwa chaja maalumu kati ya altaneta na betri ya nyumba. Na kontrola ya zamani ya sola (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri), iliyopangwa kuichemsha betri ya asidi mara kwa mara kwa volti 15 na zaidi ili kuvunja salfeti, haifai kabisa kwa lithiamu. Anayebadilisha betri bila kugusa kontrola amenunua hasara. Kanuni ambayo mafundi wa barabara ya Lamu walijifunza zamani kwa betri za madukani inasimama vile vile ndani ya gari la kisasa: betri ya kuwashia injini ibaki ya injini, betri ya nyumba iwe ya nyumba, na baina yao pawe na kitu cha kuzitenganisha, gari lisije likakosa kuwaka mahali pasipo na mtu.

Sehemu moja ya historia hii inastahili kutajwa kila mara betri inapotajwa. Betri ya asidi iliyokufa huuzwa kama chuma chakavu, kwa sababu risasi iliyomo ina bei. Kutoka Garsen na Malindi njia ya chuma chakavu huelekea Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi karibu na mtaa wa Owino Uhuru. Moshi wake na maji yake machafu yaliingia majumbani, na watoto wakapatikana na sumu ya risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza mapambano mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa zikafuata, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo. Kila taa iliyowaka kwa betri ya gari huko Tana ilikuwa na mwisho wake mahali fulani, na kwa familia nyingi za Owino Uhuru mwisho huo ulikuwa katika miili ya watoto wao.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani. Kaya za delta zenye paneli na betri ziliendelea kama kawaida. Tukio hilo lilionyesha kwamba mtambo mdogo wa nyumbani si kitu cha kungojea nguzo ifike kisha kitupwe. Hata Garsen yenye kituo cha kupoza umeme, wenye maduka wengi wana sababu ya kuendelea kuwa na betri ya akiba.

Kilichobaki ni utunzaji, na hapo ndipo miradi mingi ya Tana inapaswa kupimwa. Idadi ya paneli zilizofungwa husomwa kwenye hotuba za uzinduzi. Idadi ya betri zilizobadilishwa mwaka wa tano haisomwi popote, ingawa ndiyo inayoamua kama zahanati ya Kipini au shule ya Wenje itakuwa na taa. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inawataka wazalishaji na waagizaji wa bidhaa kuwajibika kwa bidhaa zao zinapochakaa. Ikitekelezwa kwa betri, Minjila yenyewe ingefaa kuwa kituo cha kukusanyia zilizokufa, za asidi upande mmoja na za lithiamu upande mwingine, kwa kuwa magari mengi ya kaunti hupita hapo na mafundi tayari wapo.